Hukumu ya Injini Isiyo na Chapa

Hakuwa na cheti. Hakuwa na gari, wala ofisi, wala kadi ya kumpa mtu yenye cheo kimeandikwa chini ya jina. Hakuwa na ndege, ingawa chama kizima cha ndege za rimoti kilimtegemea yeye kujua ipi itaruka na ipi itarudi nyumbani vipandevipande ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa na macho ya mbali. Ndege ikishavuka paa la ghala mwisho wa kiwanja, yeye aliona mawingu tu. Hakuwa na meno mawili ya mbele, jambo aliloliona kuwa nafuu, kwa sababu lilimpunguzia kazi ya kuchekacheka na watu. Hakuwa na subira. Na katika umri wake wote hakuwahi hata mara moja kukaa upande ule wa meza ambao watu huwekewa chupa ya maji na bilauri iliyofunikwa.

Alichokuwa nacho ni sikio na dharau, na vyote viwili alivitunza vizuri.

Sikio ndilo lililompa jina. Alikuwa fundi wa jenereta za hospitali tangu ujana mpaka akastaafu, na huko walimzoea kukaa kantini, mkono kwenye kikombe cha chai, akasema, "Namba tatu inameza hewa." Wa zamu wakienda kukagua, wanakuta kweli namba tatu inameza hewa. Wakamwita Sikio. Alipoota mvi wakaongeza Mzee mbele, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Mambo ya vindege aliyaingia kwa ugomvi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha kilichokuwa kiwanda cha matofali, na kila Jumapili watu wazima wenye magari mazuri walikusanyika hapo kurusha ndege zenye urefu wa meza ya kulia. Siku ya kwanza aliuzunguka ukuta kwenda kulalamikia kelele. Alipofika akasikiliza kidogo, akasahau kelele, akaanza kulalamikia injini. Hakuacha tena.

Ukweli ni kwamba walihitaji mtu wa kuwalalamikia. Injini zao zote zilitoka ng'ambo ndani ya maboksi, na kwa kupambanua iliyo bora na iliyo hafifu watu hawa walikuwa vipofu kabisa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa muuza vigae vya bafuni, aliiweka injini kiganjani akaipandisha na kuishusha kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ikiwa nzito, basi nzuri. Mwenzake waliyemwita Rubani, kwa sababu zamani aliwahi kuruhusiwa kuchungulia chumba cha rubani cha ndege ya abiria na hadithi hiyo hajaimaliza kuisimulia, yeye alinusa ndani ya boksi. Likinukia sponji mpya, injini ni nzuri. Waliobaki walisoma bei. Iliyo ghali ndiyo bora, na aliyelipa kidogo alikaa kimya na kujificha nyuma ya gari lake.

Mzee Sikio aliwaletea utaratibu, nao wakaupa jina: kusikilizisha. Hakuna injini ngeni iliyofungwa kwenye ndege kabla haijasikilizishwa. Mwenye nayo anaipeleka kwa Mzee, Mzee anaifunga kwenye kigoda cha chuma uani kwake, anaiwekea tangi lake mwenyewe, mpira wake mwenyewe wa kuvutia mafuta, propela yake mwenyewe, maana vya watu hakuviamini. Jumapili anafika kiwanjani na kutoa hukumu kwa sentensi moja. Sentensi hizo watu walizihifadhi kuliko walivyohifadhi risiti. Kuhusu injini moja iliyong'aa kama kijiko cha harusi alisema, "Nzuri. Iwekwe kwenye kabati la vyombo." Kuhusu nyingine: "Hii ifungwe mlangoni mwa choo, ipige kelele watu wajue kuna mtu ndani." Mwenye injini ya choo hakurudi kiwanjani kwa muda mrefu.

Huo mpira nao ulikuwa na historia yake. Injini zote za chama zilitumia spiriti, na spiriti ilikausha mipira ya kawaida ikapasuka kama midomo wakati wa baridi. Ni Mzee Sikio aliyewaletea mpira wa silikoni, mweupe, mlaini, wa aina iliyotumika kwenye vifaa vya hospitali, usiokaushwa na spiriti hata kidogo. Kila tangi la chama likawa na mpira huo. Wakauita mpira wa Sikio. Hakuwahi kuwaambia kwamba anafurahi wakiuita hivyo, lakini kila alipopita karibu na ndege iliyofunguliwa kifuniko, aliinama kuuangalia, kama mtu anayechungulia mtoto wake darasani.

Sasa spiriti ilianza kuadimika. Petroli ilikuwa kila kona, na chama kikaamua kuhamia kwenye injini za petroli, wote kwa pamoja, kwa kuagiza mara moja. Hapo ndipo alipojitokeza shemeji.

Huyu alikuwa mdogo wa mwisho wa mke wa Mzee Sikio, mwagizaji wa bidhaa. Alikwisha kuagiza miavuli iliyofunguka upande mmoja, saa za ukutani zilizokwenda mbio kwenye mteremko wa sita na kuchoka kwenye mlima wa tisa, na mashine za kukamua matunda ambazo kazi yake halisi ilikuwa kutisha paka. Safari hii alikuja na boksi la kaki chini ya kwapa, akajikalisha uani bila kukaribishwa.

"Shemeji," alisema, "leo nimekuletea mashine ya akili."

"Ile ya matunda pia ulisema ina akili."

"Ile ilikuwa na akili nyingi mno, ndiyo maana ikaungua." Akafungua boksi. "Injini ya petroli. Mpya. Nimeweka kila nilicho nacho kwenye mzigo huu, shemeji, sikufichi. Chama kikikubali, nimetoka. Kikikataa, utaniona hapa uani kila siku nikila kwako."

"Hilo ndilo tishio la kweli," Mzee Sikio alisema.

Akaitoa injini na kuigeuza. Ilikuwa ya rangi ya jivu, haikung'arishwa, na haikuwa na chapa popote. Boksi nalo lilikuwa na picha ya ndege yenye bawa moja kubwa kuliko jingine. Akaizungusha kwa kidole. Injini za spiriti, zile nzuri, zilikaza kidogo pistoni ikifika juu, kama mlango mpya uliochongwa vizuri. Hii ilizunguka laini tu, ikasukuma hewa, ikapita.

"Imelegea," alisema.

"Imelainika," alisema shemeji.

"Bawaba ya geti langu pia imelainika. Siirushi angani."

Hata hivyo aliifunga kwenye kigoda, akajaza tangi lake petroli iliyochanganywa na oili kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya boksi, akazungusha propela. Ikawaka. Iliwaka vizuri, na hilo lilimkera, kwa sababu alikwisha kuiandalia maneno. Ilinguruma kwa sauti nzito, ya kutulia, asiyoitarajia kwenye kitu kisicho na chapa. Mzee Sikio akasimama na mikono nyuma, ameinamisha kichwa. Kisha, tangi lilipofika nusu, injini ikapandisha sauti ghafla, ikawa nyembamba, ikakohoa, ikafa. Akaiwasha tena kesho yake. Ikafa vilevile. Siku ya tatu ikafa mapema zaidi.

Kwa mtu aliyelala na jenereta umri wake wote, sauti ile haikuwa na fumbo. Ilikuwa inameza hewa. Ikipata joto, kasha lake linaachia mahali fulani, hewa inaingia, injini inakauka. Chuma kibovu, kimeungwa vibaya, na watu wasiothubutu kuweka hata chapa yao. Mzee Sikio akafunga kifuniko cha tangi akaenda kunywa chai, akiwa ameridhika kama mtu aliyekuta duka limefungwa kama alivyotabiri.

Jumapili kiwanjani walimzunguka. Shemeji alikuwapo, amevaa shati jipya. Mzee Sikio aliiweka injini juu ya boneti ya gari la Mwenyekiti, akasema:

"Hii si injini. Ni birika. Ikipata moto inapiga mluzi, kisha inatulia isubiri chai."

Kicheko kilivuka ukuta. Rubani alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema injini za shemeji, zilikuwa mabirika. Wakimwona shemeji barabarani wanamuuliza kama maji yamechemka. Mtoto wa watu alijaribu kucheka nao siku ya kwanza, siku ya pili akawa anapita njia ya nyuma.

Aliyefurahi kupita wote ni Mwenyekiti. Yeye alikuwa na injini zake moyoni, alizoziona kwenye kitabu cha matangazo: za dhahabudhahabu, ndani ya boksi la mahameli. Hakuwahi kuisikia hata moja ikilia, lakini mahameli aliyaona. Alimwita Mzee Sikio kwenye chumba cha kamati, kibanda cha mabati kilichotiwa zulia, akamkalisha mahali ambapo hajawahi kukaa: upande wa ndani wa meza. Mbele yake palikuwa na chupa ya maji na bilauri iliyofunikwa.

"Mzee wetu," Mwenyekiti alisema, "tumekutumia muda mrefu bila cheo. Ni aibu yetu. Kamati inataka Mkaguzi wa Injini. Kiti hiki, beji, jina lako kwenye barua zote za chama, hapa juu pembeni."

Mzee Sikio alikitazama kiti. Kilikuwa na magurudumu.

"Mnataka nini?" aliuliza.

"Kidogo sana. Ile hukumu yako ya birika, uiandike rasmi. Wanachama wengine wana huruma, wanasema birika ni mzaha tu, wanataka waone maandishi. Andika ubovu uko wapi, weka sahihi. Ikisomwa kwenye mkutano wa Jumamosi, mzigo wa yule bwana unakataliwa, na wewe unatangazwa palepale."

"Nitaandika," Mzee Sikio alisema. Akanywa maji yote ya bilauri, ingawa hakuwa na kiu, na kabla ya kuinuka akakisukuma kiti nyuma kidogo. Kilikwenda bila kelele. Beringi zake zilikuwa nzuri.

Shemeji alifika nyumbani siku iliyofuata, mchana kweupe, na boksi jingine la kaki. Rubani, ambaye makazi yake yalikuwa ng'ambo ya barabara na ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kukaa dirishani, alimwona akiingia nalo.

"Shemeji, nimesikia unaandika ripoti."

"Masikio yako mazuri. Labda tubadilishane majina."

"Sikuombi uongo. Nakuomba tu uandike polepole. Andika 'inahitaji marekebisho'. Na hii," akalisogeza boksi juu ya meza, "ni ya kwako. Zawadi. Uchezee."

"Unanihonga kwa birika?"

"Ndugu hahongani na ndugu."

"Wewe si ndugu yangu. Wewe ni kaka wa mke wangu, na hata hilo nililikubali kwa sababu nilipomwoa ulikuwa bado unatambaa, sikujua utasimama. Chukua mzigo wako."

Shemeji aliondoka kinyonge na boksi akaliacha. Mzee Sikio alimtuma mkewe alirudishe jioni ileile, naye akalirudisha ndani ya kapu la mboga, kwa kuwa hakutaka kaka yake aonekane njiani na aibu mbili. Kwa hiyo Rubani aliliona boksi likiingia, wala hakuliona likitoka.

Mzee Sikio akaketi kuandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, aliojifundisha ukubwani, na hakupenda kuuchafua kwa mambo yasiyo ya kweli. Aliandika kichwa cha habari, akakipigia mstari. Akaandika, "Injini hii ina ubovu mahali pa," akasimama. Mwenyekiti alisema andika ubovu uko wapi. Kusema birika kiwanjani ni jambo moja. Kuandika mahali kunataka mahali penyewe. Akaweka kalamu chini, akatandika gazeti juu ya meza, akaichukua bisibisi.

Aliifungua injini yote, skrubu baada ya skrubu, akizipanga kwenye gazeti kwa mfuatano. Alitafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Alitafuta karatasi ya maungio iliyokaa upande. Ilikuwa imekaa sawasawa, imekatwa kwa uangalifu ambao hakuuona hata kwenye injini za bei mbaya. Akaziweka nusu mbili za kasha pamoja, akaziba matundu kwa vidole, akapuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakauma. Haikutoka hata pumzi. Pistoni ilikuwa na ringi, ndiyo maana haikukaza juu kama zile za spiriti, haikutakiwa kukaza. Beringi zilikuwa kimya. Ndani, mahali ambapo mnunuzi hafiki na muuzaji hajali, mtu asiyemjua alikuwa amesugua kingo za chuma zisikwaruze. Hakuna anayefanya hivyo kwa ajili ya sifa. Hakuweka hata jina lake.

"Pumbavu," Mzee Sikio alisema, na hakuwa na hakika anamwambia nani.

Hewa ilikuwapo. Sikio lake halikumdanganya; aliisikia. Kama haikuingia kwenye injini, basi iliingia njiani kabla ya kufika kwenye injini. Akatazama huku na huku juu ya meza kana kwamba anatafuta miwani, na huku anajua kabisa macho yake yanakwepa nini. Mwisho akainuka akaenda uani kulichukua tangi lake.

Alipofungua kifuniko na kuingiza koleo ndogo, alichovuta hakikuwa mpira wa Sikio. Kilikuwa kitu kinene, cheupe, kilichovimba kama mdudu aliyekufa maji, laini mpaka kikateleza. Petroli ilikuwa imeunywesha mpira mpaka ukapoteza umbo. Ulikuwa umechomoka kwenye bomba lake la shaba, na kile kichuma kizito cha kuuzamisha kwenye mafuta kimelala peke yake chini ya tangi. Kwa hiyo tangi likiwa limejaa, injini ilikunywa. Likifika nusu, ilivuta hewa tupu kupitia bomba lililobaki hewani. Birika halikuwa injini. Birika lilikuwa tangi la mwenye kusikiliza.

Alikaa kwenye kigoda cha chuma. Kila jenereta aliyoilinda hospitali ilikuwa na mpira mweusi wa mafuta, na kwa miaka yote hiyo hakujiuliza kwa nini ni mweusi. Mweupe ulikuwa wake; uliitwa kwa jina lake; uliposhinda spiriti, hakuona sababu usishinde kila kitu. Aliwacheka wanaopima injini kwa kunusa boksi, kumbe yeye alipima kwa mpira aliojipendea.

Alikwenda duka la vipuri vya pikipiki barabarani akanunua kipande cha mpira mweusi. Akaiunga injini upya, akajaza tangi, akaiwasha. Ilinguruma. Tangi likafika nusu, likapita nusu, likabaki unyevu tu chini, na ile injini isiyo na chapa ikaendelea kwa sauti ileile nzito, ya kutulia, mpaka tone la mwisho, kisha ikazimika kwa adabu. Ilikuwa injini bora kuliko zote zilizowahi kufungwa kwenye kigoda kile. Hakuna kitu kilichowahi kumkasirisha hivyo.

Mkewe alitoka jikoni, mikono ina unga. "Mbona leo haikufa?"

"Haikuwa mgonjwa."

"Aliyekuwa mgonjwa nani?"

Akamwonyesha ule mpira kwenye koleo. Mkewe aliutazama, akakunja pua. Alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua lini aulize na lini asubiri. Alifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Kaka yangu ni mjinga," alisema hatimaye. "Sikatai."

"Ni mjinga aliyekomaa."

"Basi injini hiyo aliijuaje?"

"Hakuijua. Aliokota. Kama angejua ni nzuri, angeisifia vingine. Aliisifia kama alivyosifia miavuli." Mzee Sikio aliutikisa mpira, ukadondosha petroli. "Na sasa nikisema ni nzuri, watasema nimehongwa. Rubani ameona boksi. Mtaa mzima umekwisha kuambiwa."

"Boksi nililirudisha."

"Ulilirudisha chini ya mchicha."

"Ulitaka nipige ngoma?"

Jambo lilikuwa limesimama mbele yake wazi kama geti. Akiandika birika, kiti ni chake, maji ni yake, jina lake pembeni juu ya kila barua. Shemeji anafilisika, na hakuna mtu chini ya jua atakayejua, kwa kuwa ushahidi pekee uko kwenye koleo na jalala liko hatua chache. Akiandika kweli, hatakuwa Mkaguzi. Hata Mzee Sikio hatakuwa. Atakuwa mzee aliyehongwa, au mzee aliyekosea, kila mtu achague linalomfaa.

"Utawaandikia nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Nyamaza kwanza."

"Nimenyamaza."

"Kile kiti," alisema, "kina beringi nzuri sana."

"Nitakununulia kiti."

"Si hicho ninachosema."

"Najua usichosema." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi safi na kalamu, akaviweka juu ya gazeti lenye mafuta. "Andika. Lakini usimtukane kaka yangu kwenye karatasi. Mama yetu bado yu hai."

"Hilo siwezi kuahidi."

Ile ya kwanza, yenye kichwa kilichopigiwa mstari, aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Kisha akaandika moja kwa moja, bila kufuta:

"Kwa Mwenyekiti na wanachama. Injini niliyoiita birika ni nzima. Nimeifungua yote, nimeiunga, nimeiendesha mpaka tangi likakauka, na ni bora kuliko yoyote mliyowahi kuniletea. Ilikuwa inazimika kwa sababu ya mpira wangu mweupe, ambao haufai kwa petroli. Kipande chake kimo ndani ya bahasha hii. Mwenye kunusa maboksi anakaribishwa kukinusa. Kosa ni langu, si la injini wala la aliyeiunda. Wote mtakaohamia petroli, toeni mipira yangu kwenye matangi yenu mtie mweusi, la sivyo mtaokota ndege zenu juu ya paa la ghala.

"Mtasikia kwamba nimehongwa. Aliyetaka kunihonga ni shemeji yangu, naye alitaka kunihonga kwa kitu ambacho hakujua kwamba ni kizuri, kwa hiyo hata kuhonga hakuweza. Msimsikilize atakapodai kwamba alijua. Nunueni injini zake, lakini msinunue mwavuli.

"Zile za mahameli sijazisikia, wala Mwenyekiti hajazisikia. Kama anataka mahameli, yako maduka ya vitambaa.

"Kiti cha Mkaguzi sikihitaji. Mpeni mtu atakayekubali kuandika kabla ya kufungua. Wapo wengi, na mmoja wao karibu niwe mimi."

Aliisoma mara moja. Mkewe, aliyesoma juu ya bega lake, alinyanyua kidole kwenye neno mwavuli.

"Hiyo ni kweli au si kweli?" Mzee Sikio aliuliza.

Mkewe alishusha kidole.

Alikata kipande cha mpira ule uliovimba, akakikausha kwa kitambaa, akakitia ndani ya bahasha pamoja na karatasi. Bahasha ikawa na nundu katikati. Chumba cha kamati kilikuwa karibu kuliko posta, na mlango wake ulikuwa na tundu la barua. Lakini funguo za mlango huo alikuwa nazo Mwenyekiti, na Mzee Sikio alimjua Mwenyekiti: barua ambayo hakuitia sahihi ya kuipokea ingepotea. Akavaa koti, akaenda posta kwa miguu. Njiani Rubani alimpungia mkono kutoka dirishani.

"Mzee, maji yamechemka?"

"Yamemwagika," Mzee Sikio alisema, akaendelea na safari.

Dada wa kaunta alimwamkia, akaipokea bahasha, akaibonyeza kwenye nundu.

"Ndani mna nini, mzee?"

"Barua. Na mpira."

"Mpira wa nini?"

"Wangu."

Dada alimtazama, akaamua asiulize zaidi. "Ya kawaida au ya rejista?"

"Rejista. Huko inakokwenda kuna watu hupoteza vitu."

"Hujaifunga, mzee."

Aliichukua, akalamba gundi kuanzia pembe moja hadi nyingine, taratibu, kwa ulimi wa mtu anayeonja dawa chungu asitake kuonekana. Akaibana kwa kiganja juu ya kaunta, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo, akakipitisha tena. Akaisukuma chini ya kioo. Dada akagonga muhuri, akabandika stempu, akageuka akaitupa kwenye gunia lililoning'inia nyuma yake. Mzee Sikio aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka ilipotua chini.